Nyuzi za Seremala

Kiangazi kilikuwa hakijafika, lakini kilikuwa kimeshatanguliza salamu. Upepo wa asubuhi ulikuja mkavu, pipa la maji chini ya bomba lilikuwa limeshuka hadi nusu, na udongo wa bustani nyuma ya nyumba ulianza kupasuka mistari. Mjane wa seremala alisimama kwenye mlango wa jikoni, jembe mkononi, akaitazama kazi iliyokuwa ikimngoja. Hakuwa na hamu nayo hata chembe.

Bustani ile, na tuseme ukweli mapema, haikuwa yake. Yeye alikuwa mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, na jina lilimkaa kwa sababu mbili: kazi yake na ulimi wake. Miaka yote ya ndoa yao aliingia bustanini kuchuma pilipili na kutoka. Mumewe ndiye aliyelima, akapanda, akapogoa, na kila kiangazi kilipokaribia ndiye aliyetenga siku nzima ya kuiandaa bustani: kung'oa yaliyokufa, kuchimba vishimo vya duara kuzunguka mashina ili maji yasikimbie, kumwaga samadi, kisha kuufunika udongo kwa nyasi kavu ili jua lisiunyonye. Siku hiyo ikishapita, joto lije litakavyo.

Mwaka huu seremala hakuiwahi siku hiyo. Alianguka karakanani mwishoni mwa kipupwe, randa mkononi, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Lakini siku chache kabla ya hapo alikuwa amepita bustanini na kuzifunga nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zilizomtoa Bi Sindano kitandani asubuhi ile.

Habari ya nyuzi ni hii. Wakati wa baridi baadhi ya mimea hupukutisha majani, ikabaki vijiti vitupu, na asiye mjuzi hawezi kujua kipi kimekufa na kipi kimelala tu. Seremala alikuwa akijua. Alikuwa akipita shina kwa shina, analikwaruza ganda kwa ukucha, ananusa, kisha anafunga kipande cha uzi wa kushonea: mwekundu kwa shina la kung'olewa, wa kijani kwa shina la kuachwa. Alifanya hivyo kwa ajili ya mdogo wake, ambaye kila mwaka alikuja kumsaidia kuchimba, na ambaye hakujua mmea ulio hai wala uliokufa ila alijua rangi. Mdogo wake alikuwa mpiga rangi za nyumba. Utaratibu wenyewe ulikuwa wazo lake. "Nyekundu toa, kijani acha, kaka. Hata mimi mbumbumbu nitaelewa."

Seremala alicheka, akakubali. Jioni ile alimfuata mkewe chumbani amenywea, kwa sababu macho yake hayakuwahi kuiona tofauti ya nyekundu na kijani. Kwake zote mbili zilikuwa rangi ya udongo tu.

Hakuna aliyelijua jambo hilo isipokuwa mkewe. Baba yao alikuwa mpiga rangi, na baba wa baba yao pia, na mtoto wa kwanza alitarajiwa kuishika brashi kabla hata hajaota ndevu. Alipoona hawezi, alisema kwamba harufu ya rangi inamtia kichefuchefu, akaenda kujifunza useremala. Mzee aliona amedharauliwa. Mdogo mtu naye, ingawa alikuwa akija kuchimba na kunywa chai, hakuwahi kulimeza vizuri jambo lile. "Kaka alituona sisi wachafu," alisema mara moja, akicheka, ila macho yake hayakucheka.

"Bora waniite mwenye maringo," seremala alimwambia mkewe mwaka wao wa kwanza wa ndoa, "kuliko wajue. Uniapie." Bi Sindano akaapa. Na nyuzi zilipoanza, yeye ndiye aliyeumaliza utata. Kila mwisho wa kipupwe mumewe alikuja chumba cha kushonea, akasimama kama mtoto anayevalishwa sare, naye akamtilia uzi mwekundu mfuko wa kulia wa shati, wa kijani mfuko wa kushoto. "Kulia kung'oa, kushoto kuacha. Ukivua shati shauri yako." Na kila mwaka nyuzi zilikuwa sawa, hata mmoja haukukosea.

Mwaka huu hakumtilia. Mwaka huu walikuwa hawasemezani.

Ugomvi wenyewe mtu akiusikia atasonya. Nje ya dirisha la chumba cha kushonea kulikuwa na asumini, mmea pekee katika uwanja ule ambao Bi Sindano aliupanda kwa mkono wake. Seremala aliupogoa kupita kiasi, eti unaziba mfereji wa bati, na jua la kiangazi kilichopita likamalizia. Mvua zikaja, zikapita, asumini haikutoa hata jicho moja. Ndipo Bi Sindano alipofungua mdomo. "Wewe unaziweza mbao tu," alisema, "kwa sababu zimeshakufa."

Mwanamume aliweka kikombe chini, akatoka. Tangu siku ile nyumba ikawa ya "chakula tayari" na "mlango nimefunga," basi. Bi Sindano alinuna, na alikuwa hodari wa kununa. Alijua atasamehe, ila alitaka kwanza mwenzake aje apige magoti. Alidhani wana muda.

Sasa basi unaelewa kwa nini asubuhi baada ya mazishi, alipotoka kumwaga maji akaziona nyuzi zimefungwa bustani nzima, moyo ulimruka. Katika miezi ile ya ukimya hilo ndilo neno pekee refu alilokuwa amelisema mumewe. Akakata shauri kwamba atalitii kama lilivyo, uzi kwa uzi. Maisha yake yote alimpinga, mara kwa haki, mara kwa ubishi tu. Safari hii hatampinga. Bustani itaandaliwa vile alivyotaka yeye, na labda hapo, alijiambia, watakuwa wamepatana.

Shemeji alifika akiwa na sepeto begani na suruali yake ya kazi, iliyotapakaa rangi za nyumba za watu.

"Hodi shemeji. Umeamkaje?"

"Karibu. Nimeamka tu."

"Pole. Na mimi usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nikiiwaza siku hii, bila kaka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Haya. Tuanzie wapi?"

"Tuanzie zilipoanzia nyuzi."

Walianza na mkomamanga ulio karibu na ukuta. Ulikuwa umebaki mifupa, na kiunoni mwake ulikuwa umefungwa uzi mwekundu, fundo dogo safi la mtu aliyezoea kupima kazi yake. Shemeji alichimba, akakata mizizi kwa panga, akausukuma kwa bega. Ulitoka kwa taabu, ukiguna. Ndani mti ulikuwa na unyevu.

"Huu bado una maji, shemeji."

"Uzi unasemaje?"

"Mwekundu."

"Basi."

Wakaenda kwenye waridi mbili za kando ya njia. Nyuzi nyekundu zote mbili. Wakazing'oa. Kisha mpasheni uliotambaa kwenye uzio, nao mwekundu, wakaukata shinani na kuukokota, majani machache yaliyobaki yakiwapukutikia mabegani. Mlimao mkongwe, ambao Bi Sindano mwenyewe, pamoja na ujinga wake wa mimea, aliukumbuka mwaka jana ukitoa utomvu mweusi, ulikuwa na uzi wa kijani. Shemeji aliugonga kwa mpini wa sepeto, ukalia mtupu.

"Hili limeoza, wallahi. Sikia."

"Kaka yako alisema liachwe."

"Labda aliona kitu."

"Aliona," alisema Bi Sindano. Akaanza kuuchimbia mlimao kishimo chake cha maji, kwa uangalifu, akipanga ukingo wa udongo kwa viganja kama anayepinda upindo wa gauni.

Tusimwone mpumbavu. Nyuzi zile zilikuwa sahihi kila mwaka, na mtu akizoea kitu kuwa sahihi hakihoji tena. Halafu kuna huzuni, ambayo humfanya mwenye akili zake timamu ashike jambo moja na kulifumbia macho jingine lililo mbele yake. Kila alipouona uzi alimwona mumewe ameinama, na akimwona ameinama hakuwaza kitu kingine.

Jua lilipokaribia utosini walikuwa wamebakiza kona ya nyuma ya pipa. Huko, mahali ambapo bomba lilidondosha tone moja moja, palikuwa na kituta kidogo ambacho Bi Sindano hakuwahi kukiona. Udongo wake ulikuwa umechekechwa laini. Juu yake vilisimama vijiti vifupi, vimepangwa safu, na kila kimoja kilikuwa na uzi mwekundu uliofungwa kwa fundo dogo kuliko mengine yote. Lazima alipiga magoti kuyafunga.

"Hivi ni nini?" aliuliza shemeji.

"Hata sijui. Majaribio yake. Alikuwa na majaribio chungu nzima."

Bi Sindano alikivuta kijiti cha kwanza mwenyewe. Hakikutoka kwa urahisi aliotarajia. Kilishika, kikakaidi, kisha kikaja na bonge la udongo, na ndani ya udongo mlikuwa na mizizi myeupe, myembamba kuliko uzi wa kushonea. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimepima vitambaa maisha yote, viliiona mapema kuliko macho. Kitu hiki kilikuwa hai. Karibu na ncha palikuwa na vinundu viwili vya kijani, vidogo kama punje za mchele.

"Shemeji, ngoja," alisema mpiga rangi. Alikuwa amechuchumaa pembeni yake. "Hiki kimeshika. Mimi si mkulima, lakini hiki kimeshika. Tuviache."

"Uzi ni mwekundu."

"Naona ni mwekundu. Rangi ndiyo kazi yangu. Lakini labda..."

"Labda nini? Labda alikosea?" Ulimi wake ulikuwa umeamka. "Mtu amepiga magoti hapa na kifua chake kibovu, amefunga fundo moja baada ya jingine, halafu mimi nije kumsahihisha hata akiwa kaburini? Nimemsahihisha vya kutosha. Ng'oa."

Shemeji alimtazama, akainua mikono kusema yamekwisha, wakaving'oa vyote. Bi Sindano alihesabu moyoni kuwa hii nayo ni namna ya kuomba radhi.

Walirundika taka zote katikati ya uwanja na kuzitia moto, maana seremala alikuwa akisema mti mgonjwa ukiachwa chini unaambukiza. Mkomamanga uliwaka kwa moshi mzito. Vijiti vidogo vilikwenda mara moja, na nyuzi zake zikajikunja kabla ya kutoweka. Wakamwaga samadi, wakatandaza nyasi kavu, wakaunganisha mpira wa maji uliopasuka. Bustani ilibaki safi, tupu, imejaa nafasi. Bi Sindano aliitazama akangoja ile faraja aliyoitegemea. Haikuja, akajiambia ni uchovu.

Walikaa kwenye benchi la jikoni kunywa chai. Mikono ya wote wawili ilikuwa na malengelenge.

"Ila mimi kuna kitu sijakiona," alisema shemeji, akipuliza kikombe. "Ile asumini aliipanda wapi?"

"Asumini ilikufa. Si unajua."

"Siyo hiyo. Mpya. Aa, alinikataza nisikwambie, lakini sasa sioni ubaya." Alitabasamu kidogo. "Mwanzoni mwa baridi alikuja kwangu, kwa miguu, kaomba tawi la asumini ya mke wangu. Nikamkatia tawi zima. Nikamuuliza la nini, akasema kuna jambo nyumbani anataka kulimaliza, na kwa maneno hataliweza. Akalikumbatia hilo tawi njia nzima kama mtoto. Nilidhani nitaikuta leo imeshatoa... Shemeji?"

Bi Sindano alikuwa ameweka kikombe chini. Hakikuwa kimekaa vizuri, chai ikamwagika ikatiririka hadi ukingoni mwa meza, asiifute. Alikuwa akiona mifuko miwili ya shati, wa kulia na wa kushoto, na yote miwili haikuwa na kitu. Hakuna aliyemtilia. Alikwenda mwenyewe kwenye kikapu cha nyuzi, akachota alichodhani, na bustani nzima akaifunga kinyume. Uzima aliufunga uzi wa kung'oa. Uozo aliufunga uzi wa kuacha.

"Vile vijiti," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Shemeji alimtazama, akatazama nje, kisha akainuka ghafla hadi benchi likayumba. Walikwenda wote hadi kwenye jivu. Aliligeuza kwa sepeto, akaligeuza tena, bure. Makaa ya mkomamanga yalikuwa bado yanapumua, na kando yake hapakuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiita kijiti.

"Haiwezekani," alisema mpiga rangi. "Avitunze kipupwe kizima, halafu avifunge nyekundu? Haiwezekani. Na lile limlimao bovu, kijani! Kaka hakuwa mtu wa kuvuruga kazi. Rangi ya baba yake aliikataa, sawa, alituona sisi wachafu, lakini kazi yake hakuwahi kuivuruga hata siku moja." Akamgeukia. "Nani alizigusa nyuzi hizi?"

Hapo palihitajika sentensi moja tu. Bi Sindano alikuwa nayo mdomoni. Kaka yako hakuziona rangi. Hakuwaona ninyi wachafu, hakuwaona hata kidogo, aliona udongo tu, na aliogopa kicheko chenu. Sentensi hiyo ingemwondolea lawama, na labda ingemwondolea na huyu mwanamume mwiba aliotembea nao tangu ujana. Aliifikisha hadi kwenye meno. Kisha akamkumbuka yule kijana wa mwaka wa kwanza wa ndoa, alivyokuwa amemshika mikono yote miwili akisema uniapie. Alikuwa ameshamvunjia mengi mwaka huu, hakuweza kuongeza na hilo.

"Mimi," alisema. "Baada ya mazishi upepo ulizilegeza. Nikazifunga upya. Nikachanganya."

"Ukachanganya?" Mpiga rangi alimtolea macho. "Mshonaji mzima, unachanganya nyekundu na kijani?"

"Nilikuwa na msiba, shemeji."

"Sote tulikuwa na msiba!" Alilitupa sepeto chini. Alitaka kusema zaidi, akajizuia kwa ajili ya marehemu. "Nilikwambia vimeshika. Nilikwambia tuviache. Ila wewe na mdomo wako..." Hakumalizia. Alichukua koti lake kwenye msumari, akafunga mlango wa uwanja taratibu, jambo ambalo liliuma kuliko kama angeubamiza.

Bi Sindano alibaki kwenye ukingo wa jivu. Alilia sasa, kwa sauti, bila kujali jirani, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alimlilia mumewe na alimkasirikia mumewe, yote kwa pamoja, kama alivyokuwa amempenda.

"Ungeniuliza tu," alimwambia. "Hata kama nimenuna. Ungekuja ukaniuliza, baba, neno moja, ningekwambia ipi ni ipi. Ningeacha vipi kukwambia?"

Na alipokwisha kulisema hilo akalikumbuka. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mwishoni mwishoni. Alikuwa akishona, mgongo kwa mlango, na akajua kwamba mumewe amesimama pale kwa sababu mwanga ulipungua. Kwenye kioo cha kabati alimwona: ameshika vidonge viwili vya uzi, kimoja kila kiganja, amevinyoosha mbele kama mtu anayepima uzito. Alikohoa. "Bibie," alisema, kwa sauti ndogo. Naye Bi Sindano hakugeuka. Alikanyaga pedali. Cherehani ikanguruma, akashona mshono mrefu ulionyooka kwenye kitambaa ambacho hakikuuhitaji, akaendelea, akaendelea, hadi kitambaa kikamwishia chini ya sindano.

Alipoinua mguu, mlangoni hapakuwa na mtu.